"Nilikuwa nimelewa, sikumbuki": je, utetezi huo hufua dafu mahakamani?

Tuseme uko Kilambo, karibu na kivuko cha Mto Ruvuma, msimu wa mabibo. Watu wako kilabuni wanakunywa uraka. Wawili wanagombana, mmoja anachomoa kisu, mwenzake anakufa. Kesho yake polisi wanamuuliza, anajibu: "Nilikuwa nimelewa, sikumbuki kitu." Na anasema kweli. Je, ameokoka?

Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaanza kwa kufunga mlango: ulevi si utetezi. Halafu kinaacha mianya mitatu. Kwanza, kama mtu hakuelewa anachofanya kwa sababu alileweshwa na mwingine bila ridhaa yake, kwa hila au kwa uzembe, anaachiwa. Pili, ulevi ukimtia wazimu, hata wa muda, mpaka haelewi anachofanya, kesi yake inafuata utaratibu wa wagonjwa wa akili. Tatu, mahakama izingatie ulevi inapoamua kama mshtakiwa alikuwa na ile nia ambayo kosa lenyewe linaidai. Bangi na dawa nyingine zinahesabiwa vilevile.

Mtu wetu alikunywa mwenyewe na hana wazimu, kwa hiyo amebakiwa na mwanya wa tatu. Si mdogo. Kwa mtu mzima kama yeye, adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Kuua bila kukusudia ni kifungo, ambacho kinaweza kufika maisha, ila jaji ana nafasi ya kupunguza. Yaani hata akifanikiwa harudi nyumbani, ila anaikwepa kamba.

Sasa turudi kwenye "sikumbuki". Pombe ikipanda haraka kwenye damu huvuruga hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya. Sehemu nyingine zinaweza kuendelea na kazi: mtu anaongea, analipa, anatembea mpaka kwake, asubuhi hakumbuki hata kimoja. Ni kama kamera inayoonyesha picha bila kurekodi. Kumbe kutokumbuka leo hakuthibitishi kwamba jana hukukusudia.

Ndiyo maana mahakama huangalia matendo. Katika Rufaa ya Jinai Na. 150 ya 1994, Mahakama ya Rufani ilitaja vya kupima: aina ya silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, maneno ya mshtakiwa, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Aliyedaka kisu cha mezani akachoma mara moja katikati ya purukushani hafanani na aliyekwenda nyumbani, akachukua panga, akarudi. Wote wamelewa, lakini wa pili alipanga. Na aliyekunywa ili apate ujasiri wa kuua alikuwa na nia kabla ya glasi ya kwanza.

Kuthibitisha nia ni kazi ya Jamhuri, bila kuacha shaka ya maana. Kwa hiyo, kama ulikuwepo kilabuni siku hiyo, usiishie kusema "alikuwa tilalila". Eleza alianza kunywa saa ngapi, alikunywa kiasi gani, alitembeaje, alisema nini. Maisha ya mtu yanaweza kutegemea maelezo hayo.