Mteja akiuliza "tairi za V8 unazo?", usimtajie bei kwanza

Leo tuongee matairi ya gari kubwa: Land Cruiser, Prado, Patrol na ndugu zao. Najua wengi humu mnauza nguo, vipodozi na simu, lakini siku hizi naona hata wauza mikoba wanapost matairi, kwa sababu tairi moja la gari kubwa lina faida kuliko pea kumi za makubazi. Sawa, biashara ni biashara. Ila tairi si makubazi. Kubazi likimbana mteja atalirudisha. Tairi likipasuka njiani pale Mkokotoni na watalii saba ndani, hapo hakuna cha kurudisha.

Mimi duka langu liko Kendwa. Nauza spea ndogondogo na matairi, na wateja wengi nawapata WhatsApp na Instagram. Nimeishia Form Four, haya mambo ya namba nimejifunza kwa kusoma ubavu wa matairi yenyewe na kuwasumbua mafundi. Huku kwetu anayenunua tairi kubwa mara nyingi ni dereva wa watalii. Anatoka Kendwa na wageni mpaka uwanja wa ndege Kiembesamaki, anageuza na wengine, mabegi yamepandana mpaka juu ya kioo cha nyuma, jua kali, lami inawaka. Halafu kipande cha mwisho cha kuingilia hotelini ni mawe ya matumbawe yenye ncha kama wembe. Huyo ndiye mtu unayemuuzia.

Sasa meseji yake inakuja hivi: "Bosi, tairi za V8 unazo? Bei gani?" Ukimtajia bei hapo hapo, ujue unauza usichokijua. Mimi naomba picha mbili. Moja ya ubavu wa tairi lililopo sasa, nyingine ya karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa nini zote mbili? Kwa sababu tairi lililopo huenda si lake. Gari limeshapita mikono mitatu, kila mmoja kafunga alichokipata. Karatasi ya mlangoni ndiyo inayosema gari lilizaliwa na nini, na lijazwe upepo kiasi gani. Gari likitoka Japani karatasi huwa ya Kijapani, usiogope, namba ni zile zile. Upepo utauona kwa kPa. Gawa kwa 7 upate psi kwa makadirio: 230 inakuwa kama 33.

Tairi la V8, yaani Land Cruiser 200, mara nyingi limeandikwa 285/60R18 116V. 285 ni upana kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu, asilimia 60 ya upana huo. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, karibu yote siku hizi ni R. 18 ni ringi kwa inchi. Wauzaji wengi wanaishia hapo, na namba inayofuata ndiyo inayobeba watu. 116 si kilo, ni namba ya kwenye jedwali, na maana yake ni kilo 1250 kwa tairi moja. 112 ni kilo 1120. 110 ni kilo 1060. Ile 91 unayoiona sana kwenye Noah ni kilo 615 tu. Herufi ya mwisho ni spidi: V ni kilomita 240 kwa saa, H 210, S 180, Q 160. Utasema Unguja nani anakimbia 240? Hakuna. Lakini tairi la herufi ya juu limetengenezwa kuhimili joto zaidi, kwa hiyo usimshushe mteja herufi ovyo ovyo.

Hapa sasa ndipo pesa ya mtu inapopotea. Kuna tairi 265/60R18 110, ni la Prado. Linapatikana kirahisi, na bei yake mara nyingi iko chini kuliko la V8. Ringi ni 18, la V8 nalo ni 18. Fundi atalifunga, litakaa vizuri kabisa, mteja atakushukuru. Lakini piga hesabu. Kutoka 116 kwenda 110 umempunguzia kilo 190 kila tairi, kilo 760 kwa manne. Na kimo kimeshuka: la V8 lina milimita 799 kutoka chini mpaka juu, la Prado 775. Gari linakaa chini kidogo, na saa ya spidi inaonesha zaidi ya unavyokwenda kweli.

Kuna mtu atakwambia, "1060 mara nne ni 4240, na gari likijaa halifiki hata tani tatu na nusu, tatizo liko wapi?" Mwambie mzigo haugawanyiki sawa. Wageni wa siti za nyuma na mabegi yao wamekalia matairi mawili. Kwenye kona uzito unalalia upande mmoja, kwenye shimo tairi linapigwa. Na zile kilo za kwenye jedwali zinapatikana tairi likiwa na upepo wake kamili. Upepo ukipungua, kilo nazo zinapungua. Niambie madereva wangapi unaowajua wanapima upepo kila wiki.

Wateja wakianza kubishana huwa nawapa kisa cha Firestone. Agosti 2000, kampuni hiyo ilitangaza kurudisha matairi milioni 6.5 huko Marekani, na mengi yalikuwa kwenye Ford Explorer. Kashata ilikuwa inabanduka kutoka kwenye waya za ndani gari likiwa kasi, gari linapinduka. Serikali yao ilihesabu vifo zaidi ya 270. Kampuni zikatupiana mpira: Ford inasema tairi bovu, Firestone inasema gari ndilo tatizo, na kwamba Ford iliwaambia watu wajaze psi 26 tu. Matukio mengi yalitokea majimbo ya joto kama Texas, Florida na Arizona. Na kabla Marekani haijashtuka, Ford ilishaanza kuwabadilishia matairi wateja wa Saudi Arabia na Venezuela, nchi za joto vilevile. Joto, uzito, upepo mdogo. Vyote vitatu tunavyo hapa hapa.

Kitu kingine cha kuangalia ni umri. Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Wakati mwingine upande mmoja DOT imeandikwa fupi bila hizo tarakimu, basi ziko upande wa pili, omba picha ya pande zote. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, lifanye kiti cha barazani. Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka 5 liwe linakaguliwa kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe hata kama linaonekana zima, na la spea vilevile. Mimi kwa gari la wageni siuzi lililozidi miaka 6. Hiyo ni sheria ya duka langu tu, wewe weka yako, lakini uwe nayo.

Umri ndio unaotudanganya zaidi kwenye picha. Mtumba wa Dubai au Oman unaweza ukawa na kashata ndefu kabisa, gari lilikaa limeegeshwa juani miaka. Kashata haijaisha lakini mpira umeshakauka. Halafu mtu anapaka dawa ya kung'arisha, kwenye simu linaonekana jipya. Mwambie anayekuletea alioshe kwa maji na sabuni, alipige picha likiwa kavu, bila dawa. Kunja ubavu kwa vidole uangalie nyufa ndogondogo karibu na ringi na katikati ya kashata. Pitisha kiganja pembeni, ukihisi nundu liache, nyuzi za ndani zimekatika.

Na haya yanayokuja na gari za Japani, jamani. Prado inashushwa bandarini ina matairi mazuri mno, kashata imejaa, mteja anafurahi, anataka kukuuzia au umtafutie mengine kama hayo. Soma ubavu. Ukiona neno STUDLESS, au jina kama Blizzak au iceGUARD, hilo ni tairi la barafu. Mpira wake umefanywa laini ili ushike kwenye baridi kali. Lami ya Mahonda saa nane mchana inaulainisha zaidi, breki zinakuwa nzito na kashata inakwisha haraka. Ila usichanganye na M+S peke yake, hiyo iko kwenye matairi mengi ya kawaida ya njia zote.

Aina gani sasa? H/T ni ya lami, kimya, laini. M/T ni ya matope, ile yenye kashata kama ngazi. Vijana wanaipenda kwa picha, lakini kwenye lami iliyolowa haishiki vizuri na inapiga kelele mpaka mgeni anauliza gari lina nini. Kwa dereva wa kwetu, lami saa nzima na matumbawe dakika tano, A/T inamtosha. Akitaka ubavu mgumu zaidi kwa ajili ya mawe kuna yale yenye herufi LT mbele, mfano LT265/65R17. Hayo yanabeba zaidi, lakini yanataka upepo mwingi zaidi kuliko ulioandikwa mlangoni. Ukimuuzia LT akajaza upepo wa zamani, umempa tairi la bei kubwa linalobeba kidogo. Mwambie hilo kwa maandishi kwenye meseji, lisibaki la mdomoni.

Anayetaka mawili tu, muuzie mawili, lakini yawe saizi moja na yaliyobaki. Prado na Land Cruiser nyingi matairi yote manne yanavuta muda wote, ukichanganya vimo gia za katikati zinateseka mpaka zinakufa. Na mapya yafungwe nyuma. Najua mafundi wengi wanayaweka mbele. Nyuma ikiteleza kwenye mvua gari linazunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Kuhusu bei ya mtumba, nunua kipimo cha kina cha kashata, ni kidude kidogo cha bei ndogo. Nchi nyingi tairi lenye kashata chini ya milimita 1.6 halitakiwi barabarani. Tuseme jipya lina milimita 11, basi za kutumia ni 9.4. Mtumba wenye milimita 4 una 2.4 za kutumia, robo tu. Kwa hiyo mtumba huo kwa nusu ya bei ya jipya ni ghali, na mteja ukimwonesha hesabu hiyo kwenye kikaratasi ataielewa hata kama hajui kusoma ubavu. Nishauza mapya kwa watu waliokuja kutafuta mtumba kwa hesabu hii tu.

Tangazo langu huwa na picha nne: kashata kipimo kikiwa ndani, saizi na namba ya uzito, tarakimu nne za DOT, na ubavu wa pili mzima. Chini naandika saizi yote mpaka herufi ya mwisho, wiki na mwaka, milimita, na gari linalofaa. Mteja akituma pesa kabla hajanitumia picha ya mlangoni, tairi linabaki dukani mpaka ainitumie. Wapo wanaonuna, wengine wameenda kununua kwingine. Waliobaki ni madereva wenye gari tatu, nne, na wanaponiandikia siku hizi picha ya mlangoni inatangulia kabla ya salamu.