Kujifunza Kihispania kwa Njia ya Filamu za Hali Halisi

Mwanafunzi aendaye ng'ambo kujifunza Kihispania hufika akiwa na sarufi kichwani na kamusi mkobani. Siku chache tu humdhihirishia kwamba lugha aliyofunzwa na lugha anayosemeshwa si kitu kimoja. Nchini Kuba, guagua ni basi la abiria. Nchini Chile, neno lilo hilo humaanisha mtoto mchanga. Mwargentina naye hamwiti mwenzake tú bali vos, na kitenzi hufuata: tú hablas huwa vos hablás.

Ugumu mkubwa zaidi uko masikioni. Katika Kihispania, wingi wa nomino hudhihirishwa na s ya mwishoni: casa ni nyumba moja, casas ni nyumba nyingi. Wakuba, sawa na wakazi wengi wa eneo la Karibi, huitamka s hiyo kama pumzi ya h au huidondosha kabisa. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea kusikia umoja na wingi mwanzoni mwa neno (kitabu, vitabu), hulazimika kutega sikio mwishoni, papo hapo sauti inapomezwa.

Ndiposa utengenezaji wa filamu za hali halisi, yaani zinazonasa maisha na maneno ya watu wenyewe, huweza kuwa mwalimu mkali kuliko gumzo la kawaida. Katika gumzo, asiyeelewa hutabasamu na kuitikia. Mhariri wa filamu hana nafasi hiyo. Sharti airudie sentensi ya mhojiwa hata mara kumi, ajue inaanzia wapi na kukomea wapi kabla ya kuikata. Akikosea, amemlisha mtu maneno asiyoyasema.

Mafunzo ya aina hii hutolewa katika Shule ya Kimataifa ya Filamu na Televisheni iliyoko San Antonio de los Baños, karibu na Havana. Ilifunguliwa Desemba 1986, na miongoni mwa waasisi wake ni Gabriel García Márquez, mwandishi wa Kolombia, na Fernando Birri wa Argentina, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza. Ilikusudiwa vijana wa Amerika ya Kilatini, Afrika na Asia, nao hufundishwa kwa Kihispania.

Birri hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Mnamo 1956 alianzisha mafunzo ya filamu katika chuo kikuu kimoja mjini Santa Fe, kwao Argentina. Yeye na wanafunzi wake walikwenda katika mtaa wa maskini pembezoni mwa mji, ambako watoto walikimbia kando ya garimoshi wakiwaomba abiria sarafu. Filamu iliyotokana na ziara hizo ilionyeshwa mwaka 1958, kisha ikafanyiwa marekebisho mwaka 1960.

Hata hivyo, sauti zilizonaswa zilikuwa hafifu mno, ikabidi waigizaji wawili wayarudie maneno ya wakazi juu ya sauti zao. Uamuzi huo unaeleweka, ila gharama yake si ndogo: mtazamaji anamwona mkazi akizungumza, lakini anayemsikia vyema ni mwigizaji. Matamshi ya watoto yalihifadhiwa katika jina la filamu. Kihispania sanifu kingeandika tire diez, yaani "tupa kumi", kwa maana ya senti kumi. Birri aliandika kama walivyopaza sauti wao wenyewe: Tire dié.