Nusu Siku katika Mbuga ya Nairobi

Mgeni aambiwaye kwamba, kiasi cha kilomita 7 tu kusini ya kitovu cha jiji la Nairobi, wako simba, vifaru, twiga na nyati waishio watakavyo, aghalabu hudhani kuwa anasimuliwa habari za bustani ambamo wanyama hulishwa kwa mikono ya watumishi. Wala dhana hiyo haimtoki afikapo langoni akauona ua wa nyaya, na nyuma yake maghorofa. Lakini ua huo umezunguka pande tatu tu: kaskazini, mashariki na magharibi. Upande wa kusini mbuga hii ya kilomita 117 za mraba haina ua. Mpaka wake ni mto wa Mbagathi, ambao pundamilia huuvuka bila ya kumtaka mtu idhini, na ng'ambo yake zaendelea nyanda za Athi na Kaputiei. Atakaye kuifaidi safari fupi, basi, na aanze kwa kuifahamu kusini, kwa maana mengi atakayoyaona, na mengine atakayoyakosa, yana asili yake huko.

Wageni huuliza ni saa ngapi waingie, na ni nadra kumsikia aulizaye ni mwezi gani, ilhali swali la pili ndilo lenye uzito. Mbuga ya Nairobi ni kimbilio la kiangazi. Masika yanyeshapo, baina ya Machi na Mei, na vuli ifuatapo mwishoni mwa mwaka, nyanda za kusini huota nyasi fupi zenye lishe njema na madimbwi hujaa kila bonde, hata wanyama walao nyasi wakawa hawana haja ya kubaki ubavuni mwa jiji, wakatawanyika. Kiangazi kikisha kuyakausha madimbwi hayo hurudi kaskazini, kwa sababu mbugani wameachiwa mabwawa yaliyochimbwa makusudi, na mto, na majani yaliyokua bila ya kuguswa walipokuwa ghaibu. Kwa hiyo yule achaguaye siku za mvua kwa kuvutiwa na uzuri wa nchi hupata kijani tele na wanyama haba, fauka ya udongo mweusi wa tambarare, ambao ukilowa huyashika magurudumu hata dereva hodari akashuka kusukuma. Februari, au Agosti na Septemba, nchi ikiwa imekauka na vumbi linatimka, ndiyo miezi yenye sudi.

Ama saa, jibu ni jepesi: alfajiri, malango yafunguliwapo. Simba hufanya kazi zake usiku na wakati wa ubaridi, na jua likisha kupanda hulala kivulini, rangi ya ngozi yake ikawa haina tafauti na ya nyasi kavu. Ndiyo sababu mtazamaji mwenye busara hamtafuti simba kwa kumtazama simba. Huwatazama walao nyasi. Kongoni ana tabia ya kupanda juu ya kichuguu na kusimama hapo kama mlinzi, na akiacha kula, akaelekeza uso na masikio upande mmoja, na swala walio karibu naye wakafanya vivyo hivyo, dereva ajuaye kazi yake huzima injini na kungoja. Wanaokimbiza gari kutoka njia panda moja hadi nyingine, kwa kusikia katika simu kwamba fulani ameona chui, huishia kuona magari ya wenziwao.

Hilo kundi la walao nyasi lenyewe lastahili muda mrefu kuliko wageni wengi wanavyolipa, kwani lionekanalo kuwa limechanganyika ovyo lina utaratibu. Pundamilia hacheui, chakula hupita tumboni mwake upesi, kwa hiyo aweza kuishi kwa mabua marefu na magumu ambayo mcheuaji wa kimo chake angekonda kwayo, mradi ale mengi. Yeye hutangulia, akayapunguza mabua na kuyafunua majani laini ya katikati, ambayo nyumbu na kongoni huyafuata; na nyuma yao huja swala tomi, mwenye mdomo mwembamba, akachagua machipukizi na mimea midogo iliyoshikamana na ardhi. Hivyo kila mmoja humwandalia mwenziwe meza, bila ya hisani yoyote baina yao.

Penye vichaka, kisa ni kingine. Upo mgunga mfupi uliojaa vinundu vyeusi chini ya miiba yake, na ndani ya vinundu hivyo hukaa sisimizi, ambao hupata maskani na utamu wa majani, nao hulipa kodi kwa kumshambulia kila alaye majani ya mwenyeji wao. Upepo upitapo katika vitundu walivyovitoboa, mti hupiga mluzi. Twiga hustahimili kuumwa na hula kidogo kidogo, kisha huhama. Kifaru mweusi naye, ambaye mdomo wake wa juu umechongoka kwa ajili ya kushika vitawi, hupatikana katika vichaka vya namna hii. Yule mwenye mdomo mpana, alaye nyasi uwandani, ni kifaru mweupe, na wote wawili wako hapa. Tembo hawamo, na asiwatafute mtu: wale wachanga waonyeshwao wageni kabla ya adhuhuri katika kituo cha Sheldrick, kando ya mbuga, ni mayatima wanaolelewa hadi wapelekwe Tsavo.

Mbuga hii ilizinduliwa Disemba 1946, ikawa ya kwanza nchini Kenya, na aliyeipigania zaidi ni Mervyn Cowie, mhasibu aliyezaliwa Nairobi. Alipoona serikali haisikii, alipeleka barua gazetini bila ya kulitaja jina lake, akijifanya mlowezi mzee atakaye wanyama wote wa Kenya wauawe kwa risasi; watu wakaghadhibika, na ghadhabu yao ikafanya kazi ambayo hoja zake za insafu hazikuifanya. Haisemwi sana, ila yafaa isemwe, kwamba ardhi hiyo ilikuwa malisho ya watu, na kwamba wafugaji walitakiwa waondoke.

Wajukuu wa wafugaji hao ndio leo wenye ng'ambo ya mto, na hatima ya mbuga imo mikononi mwao. Nyumbu wa nyanda za Athi na Kaputiei, waliohesabika kwa maelfu mengi katika miaka ya 1970, wamebaki masalia, kwa kuwa huko ng'ambo, Kitengela, palipokuwa wazi, pamegawanywa viwanja, pakawekwa nyaya, machimbo ya mawe na barabara. Daraja la reli ya kisasa, lipitalo juu ya mbuga kwa nguzo zake ndefu, liliwaingiza watu barabarani kwa maandamano; kwa maoni yangu, ua wa kiwanja kimoja cha Kitengela, usioandamwa na mtu, huumiza zaidi, maana chini ya daraja twiga apita, na penye nyaya hapiti.

Wala mwenye ng'ombe si wa kulaumiwa upesi. Simba avukaye mto usiku haulizi mpaka. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa upande huo, alipochoshwa na kuliwa kwa mifugo yao, alifunga taa zenye kumetameta kuzunguka zizi, simba wakadhani kuna mtu atembeaye na kurunzi, na uvumbuzi wake ukanakiliwa na majirani. Mwaka 2000 uliwekwa pia mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili wasiizungushie ua wala kuiuza, kwa kiasi cha dola 4 kwa eka moja kwa mwaka. Fedha hizo zililipa karo za watoto wengi, na ardhi iliyobaki wazi ilikuwa nyingi. Lakini jiji halikusimama, bei ya eka ikapanda mwaka hata mwaka, na dalali abishaye hodi Kitengela hahitaji ufasaha mwingi mbele ya mzee aliyezoea kupokea dola 4.