Uga wa Tarehe katika Hifadhidata: Asili ya Makosa na Namna ya Kuyatatua

Makala hii inanuia kubainisha makosa yanayozuka tarehe zinapoingizwa katika hifadhidata, pamoja na namna ya kuyasahihisha. Mifano imejikita katika Isiolo, mojawapo ya kaunti 23 kame na nusu kame ambazo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa mwaka 2011, huzitolea taarifa za tahadhari kila mwezi. Taarifa hizo hutegemea data za mvua, malisho, maziwa na bei za mifugo. Data hizo zikikosa tarehe sahihi, tahadhari yenyewe hupotosha.

Kosa la kwanza hutokana na mpangilio. Nchini Kenya siku huandikwa kabla ya mwezi, ilhali mfumo wa Kimarekani hutanguliza mwezi. Mfumo huo ukipewa 25/04/2024 huikataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Kukataliwa huko ni heri, maana kosa huonekana. Balaa ni 03/04/2024: mvua ya tarehe 3 Aprili huhifadhiwa kuwa ya tarehe 4 Machi bila onyo lolote. Katika mwaka wa siku 365, tarehe 221 zitakataliwa, 12 (kama vile 5/5) hazitabadilika, na 132 zitapotoshwa kimyakimya. Isiolo hutarajia mvua za masika kati ya Machi na Mei. Hivyo basi, msimu uliochelewa waweza kuonekana kuwa uliwahi.

Kosa la pili linaihusu lugha yenyewe. Waswahili huhesabu saa za mchana tangu macheo. Vituo vya hali ya hewa nchini Kenya hupima mvua saa tatu asubuhi. Mpimaji akiandika 3:00, tarakilishi huelewa saa tisa usiku, ilhali ilipasa kuandikwa 09:00. Aidha, kwa desturi ya Waswahili wa pwani, usiku hutangulia mchana: usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Anayejaza fomu asipouliza maana iliyokusudiwa, huenda akakosea siku nzima.

Kosa la tatu husababishwa na majira. Kenya iko mbele ya saa ya kimataifa ya UTC kwa saa tatu. Tarehe 1 Aprili ikihifadhiwa kama saa sita usiku ya Kenya, kisha igeuzwe kuwa UTC, huwa tarehe 31 Machi, saa 21:00. Rekodi imehama mwezi.

Hali kadhalika, rekodi zikirundikana kwenye tarehe 1 Januari 1970, yamkini uga uliachwa mtupu. Mifumo mingi huanza kuhesabu wakati hapo, na sifuri husomwa kama siku hiyo.

Utatuzi una hatua nne. Mosi, uga uwe wa aina ya tarehe, si maandishi. Pili, tarehe ziandikwe kwa kiwango cha ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, kisha siku: 2024-04-03. Tatu, mfumo ujaribiwe kwa siku isiyozidi 12 na inayozidi 12, kisha kilichohifadhiwa kilinganishwe na fomu. Nne, fomu ya awali itunzwe, kwani tarehe iliyogeuzwa kimyakimya haisahihishiki pasipo ushahidi.

Ni dhahiri kwamba kazi hii si ya mafundi wa tarakilishi pekee. Anayeandaa fomu kwa Kiswahili sharti abainishe saa na siku anazokusudia, kabla mashine haijamwamulia.