Mazoezi: kwa nini mwili unahitaji siku ya mapumziko

Ron Hill, mwanariadha wa Uingereza aliyeshinda mbio za marathon za Boston mwaka 1970, alikimbia kila siku kwa muda wa miaka 52.

Alianza hesabu yake mwezi Desemba mwaka 1964, na tangu hapo hakuiacha siku ipite bila ya kukimbia walau maili moja, yaani kilomita 1.6. Mwaka 1993 alipata ajali ya gari akavunjika mfupa wa kidari, lakini hesabu haikukatika. Alipofanyiwa upasuaji wa mguu, aliikamilisha maili yake kwa magongo.

Mwezi Januari mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 78, alipatwa na maumivu ya moyo alipokuwa njiani akikimbia. Aliimaliza maili ile, kisha akatangaza kuwa anaacha, kwa ajili ya mkewe, jamaa zake, marafiki zake na nafsi yake. Alifariki dunia mwaka 2021.

Wengi walimstahi kwa uvumilivu wake, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Hata hivyo, mtu aliyevunjika kidari hatoki kwenda kukimbia kwa kuwa mwili wake unahitaji mazoezi. Hutoka kwa sababu anaogopa kuivunja hesabu.

Hofu hiyo siku hizi imewafikia watu ambao hawajawahi kushindana hata mara moja.

Hesabu za mkononi

Leo hakuna haja ya kalamu wala daftari. Saa ya mkononi huhesabu hatua, mapigo ya moyo na siku ambazo mwenye saa hakukosa mazoezi. Akikosa siku moja, mfululizo wote unarudi sifuri, hata kama alikuwa kitandani na homa. Saa za Apple ziliingia madukani mwaka 2015, na ilikuwa mwaka 2024 tu ambapo kampuni hiyo iliwaruhusu wateja wake kuyasimamisha malengo ya kila siku bila ya kuupoteza mfululizo.

Lengo mashuhuri la hatua 10,000 kwa siku nalo halikutoka hospitalini. Lilitoka Japani mwaka 1965, pale kifaa cha kuhesabia hatua kilipoingizwa sokoni kwa jina la "manpo-kei", lenye maana ya kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, likapokewa na ulimwengu kama agizo la daktari.

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwachunguza wanawake zaidi ya 16,000 wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliona kuwa hatari ya kufa ilipungua kadiri hatua zilivyoongezeka, lakini nafuu hiyo ilikoma kuongezeka zilipofika kiasi cha 7,500 kwa siku.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapima mazoezi kwa wiki wala si kwa siku. Mtu mzima anatakiwa kupata dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Anayetembea kwa kasi nusu saa, siku tano za wiki, ametimiza kiwango cha chini, na bado siku mbili zimembakia.

Misuli hujengwa lini?

Watu wengi hudhani kwamba nguvu hupatikana wakati ule ule wa kunyanyua vyuma au kupanda kilima mbio. Ukweli ni kinyume chake. Anayemaliza mazoezi makali ni dhaifu kuliko alivyokuwa alipoanza: nyuzi za misuli zimechanika mahali padogo padogo pasipoonekana kwa macho, na akiba ya sukari inayohifadhiwa ndani ya misuli, iitwayo glikojeni, imepungua.

Saa zinazofuata ndipo mwili huanza kazi yake. Akiba ile ikiwa imetumika sana, huchukua kiasi cha saa 24 kujaa tena, kwa sharti kwamba mhusika amekula wanga wa kutosha, uwe wali, ugali, viazi au ndizi. Utengenezaji wa protini mpya katika misuli huongezeka na kubaki juu kwa siku moja hadi mbili. Yale maumivu ya mapaja yanayomfanya mtu ashuke ngazi kwa kushika ukuta hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, si siku yenyewe ya mazoezi.

Mifupa huenda polepole zaidi, na hapa ndipo wakimbiaji wapya wanapoumia. Mfupa uliotwishwa mzigo mpya hujirekebisha kwa kuondoa kwanza sehemu iliyochakaa, ndipo ujaze mahali hapo kwa mfupa mpya. Katikati ya hatua hizo mbili kuna kipindi cha udhaifu. Anayeendelea kuupiga chini kila siku bila ya kuupa nafasi anaweza kupata ufa, mara nyingi katika muundi au unyayo, na ufa huo utamweka nje kwa wiki sita au zaidi. Kwa anayelipwa kwa saa, huku nyumbani wanasubiri fedha za mwisho wa mwezi, wiki sita si jambo dogo.

Je, siku moja inapoteza nini?

Jibu fupi ni kwamba haipotezi kitu kinachoweza kupimika.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanamichezo saba waliokuwa wamezoea mazoezi makali ya pumzi, kisha wakaacha kabisa. Baada ya wiki tatu uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7 hivi. Ilipotimia kiasi cha wiki nane, ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16, ukatulia hapo. Hao ni watu walioacha moja kwa moja kwa wiki nyingi, wala hawakupumzika Jumapili tu. Nguvu za misuli hukaa muda mrefu zaidi kuliko pumzi.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha zaidi ya watu 63,000 wa England na Scotland, uliwaangalia wale wanaofanya mazoezi yao yote katika siku moja au mbili za wiki. Hatari yao ya kufa ilikuwa ndogo kwa asilimia 30 hivi ikilinganishwa na wasiofanya mazoezi kabisa. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba mazoezi pekee ndiyo sababu, lakini unatosha kumtuliza anayedhani kuwa Jumatano moja isiyo na mazoezi imemharibia mwaka mzima.

Wapo pia waliofaidika waziwazi kwa kupumzika. Mwezi Aprili mwaka 1954, Roger Bannister, aliyekuwa akisomea udaktari mjini London, alikuwa amekwama. Yeye na wenzake walikuwa wakikimbia robo maili mara kumi mfululizo, na kila mara hawakuweza kushuka chini ya sekunde 61. Badala ya kuongeza mazoezi, Bannister na Chris Brasher wakaenda Scotland kupanda milima kwa siku chache. Waliporejea, wakaikimbia robo maili kwa sekunde 59. Siku za mwisho kabla ya mashindano Bannister hakufanya mazoezi kabisa. Tarehe 6 Mei, mjini Oxford, alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, kwa muda wa dakika 3 na sekunde 59.4.

Kazi nayo ni mzigo

Mashauri mengi ya mazoezi huandikwa kana kwamba msomaji hushinda ameketi ofisini. Wengi wetu tulio ughaibuni hatumo katika kundi hilo. Yupo anayewainua wagonjwa usiku kucha katika nyumba ya kulelea wazee nchini Uingereza, yupo anayebeba maboksi ghalani Marekani, na yupo anayesimama kutwa katika joto la Ghuba. Mtu huyo akitoka kazini na kwenda moja kwa moja kunyanyua vyuma, misuli ya mgongo wake haitambui kwamba zamu imekwisha.

Watafiti, hasa wa Denmark, wamegundua jambo la ajabu: harakati za kazini mara nyingi hazileti faida kwa moyo kama zile za wakati wa mapumziko. Mjadala juu ya matokeo hayo haujakwisha. Miongoni mwa sababu zinazotolewa ni kwamba anayefanya kazi nzito huinua mzigo kwa saa nyingi, siku baada ya siku, pasipo muda wa kutosha wa mwili kujirudisha. Jasho ni lile lile. Kilichokosekana ni pumziko.

Kwa hiyo siku iliyokuwa na zamu ya saa 12 ihesabiwe kwa uzito wake. Kulala siku hiyo si uvivu.

Dalili za kuangalia

Mwili uliochoshwa hutoa habari. Mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla ya kuondoka kitandani, huweza kupanda kuliko kawaida. Usingizi hukatika ijapokuwa mtu amechoka, hasira huwa karibu, mafua hayaishi, na mwendo uliokuwa rahisi mwezi uliopita unakuwa mzito. Kwa wanawake, kukoma kwa hedhi ni dalili isiyofaa kupuuzwa, kwani huenda chakula anachokula mtu hakitoshi kwa mazoezi anayofanya.

Siku ya kupumzika haimlazimu mtu kulala kutwa. Kutembea taratibu hadi sokoni au kucheza na watoto hakumdhuru mwenye afya.

Wenye kisukari cha aina ya pili wana hesabu yao. Mazoezi husaidia insulini kufanya kazi vizuri zaidi, lakini faida hiyo hufifia baada ya siku moja hadi tatu. Kwa sababu hiyo Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri zisipite siku zaidi ya mbili mfululizo bila ya mazoezi. Siku moja ya kupumzika inaruhusiwa hata kwao.

Na yuko asiyeweza kuichukua hata hiyo moja. Hukimbia akiwa na jeraha, huacha kwenda harusini kwa ajili ya mazoezi, na akikosa siku hupunguza chakula ili kujiadhibu. Kwa mtu wa namna hii tatizo limekwisha kutoka katika misuli, na hataponywa kwa ratiba mpya. Amwone daktari, na amweleze waziwazi kwamba kinachomsumbua ni hofu ya kupumzika.