Mzazi Ana Baipola: Je, Mtoto Atarithi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mtoto akiwa ameshaambiwa asubiri nje: "Daktari, na huyu naye ataugua?" Jibu ni kwamba hatari ipo, ila watoto wengi wa wagonjwa wa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hawaupati.

Katika jamii kwa jumla, baipola humpata mtu 1 au 2 katika kila 100. Kwa mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaugua, makadirio ni kama 10 katika kila 100. Hatari yake basi ni mara kadhaa ya mtoto wa jirani, lakini wapatao 90 katika 100 hawatapata baipola, ingawa sonona na wasiwasi huwapata zaidi kuliko wenzao.

Kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe, ni wepesi wa kuupata. Hakuna jeni moja ya baipola. Ziko nyingi, na kila moja huongeza kidogo tu. Hata pacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue. Ndiyo maana hakuna kipimo cha damu cha kumtabiria mtoto. Si laana ya ukoo, wala si matunda ya malezi mabaya.

Watafiti wa Kanada, Uholanzi na Pittsburgh, Marekani, wamewafuatilia watoto wa wagonjwa kwa miaka mingi. Kwa wale walioishia kuugua, mara nyingi yalitangulia matatizo ya usingizi na wasiwasi utotoni, kisha sonona baada ya balehe. Kipindi cha kupanda kilikuja baadaye, kwa kawaida ujanani.

Kupanda kukoje? Binti wa chuo analala kwa saa mbili tu, usiku wa nne mfululizo, na wala hachoki. Saa nane usiku anasogeza makochi huku akieleza biashara tatu atakazofungua. Ada ameshaigawa kwa marafiki. Anaongea mfululizo, na ukimkatiza anawaka. Tofautisha hali hii na utundu au hasira za kila siku: hapa mtu amebadilika, si yule mliyemzoea, na mabadiliko yanadumu siku kadhaa.

Hapo ndipo siri ya familia inapoumiza. Kijana akifika hospitali na sonona, na hakuna aliyetaja ugonjwa wa baba yake, anaweza kuandikiwa dawa za sonona peke yake. Kwa mwenye baipola, dawa hizo zinaweza kumpandisha. Mwambieni daktari nani aliugua na dawa gani ilimsaidia. Lithiamu, kwa mfano, iliyotumika kutibu ugonjwa huu tangu 1949, ikimfaa mzazi huwa kuna matumaini zaidi kwamba itamfaa na mwanawe.

Nyumbani, lindeni usingizi: saa za kulala na kuamka zisiyumbe, hata wakati wa mitihani. Bangi na pombe ni hatari zaidi kwa kijana huyu kuliko kwa wenzake. Mzazi naye asiache dawa kwa kujiona amepona, kwani utulivu wake ni kinga kwa mtoto. Mama anayetaka kupata ujauzito amwone daktari mapema, kwa sababu baadhi ya dawa, hasa valproeti, humdhuru mtoto tumboni. Kijana akizungumzia kufa au kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Mzazi mwenzangu, mwambie mwanao ukweli kwa maneno ya umri wake: "Nina ugonjwa, una matibabu, na si kosa lako." Mtoto anayejua hayo atajua pia kusema mapema usingizi unapomtoka au moyo unapozama, na baipola inayoanza kutibiwa mapema hudhibitika vizuri zaidi.