MUZIKI NA MBIO: DAWA AU SUMU?

Mhariri aliniomba niandike juu ya jambo ninalolifahamu. Mimi ni mkimbiaji wa masafa marefu, na kila mara wenzangu huniuliza swali moja: Je, ni vizuri kusikiliza muziki ukifanya mazoezi ya mbio? Leo nitajibu kwa marefu na mapana.

Kwetu ni Mukuru kwa Njenga. Hatuna uwanja wa nyasi wa kufanyia mazoezi. Mimi hudamka saa kumi na moja alfajiri na kukimbia kando ya Barabara ya Catherine Ndereba, ile ambayo nyumba nyingi za mtaa wetu zilibomolewa mwaka 2021 ili ipanuliwe. Wengi hupita hapo bila kujua Ndereba ni nani. Huyu ni Mkenya aliyeshinda mbio za Boston mara nne (2000, 2001, 2004 na 2005), akawa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007. Mwaka 2001 alivunja rekodi ya dunia kule Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Basi nikikimbia hapo hujiambia kwamba barabara yenyewe inanidai jasho.

Nilipokuwa kidato cha pili, binamu yangu alinipa simu kuukuu na visikizi vya masikioni. Lo! Mazoezi yakawa matamu kama asali. Kilomita nane zilizokuwa zikinitoa roho zikaisha kabla sijajua. Nikadhani nimepata dawa.

Kwa nini muziki hufanya hivyo? Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, mmoja wao akiwa Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London. Sababu ni tatu. Kwanza, muziki huishughulisha akili. Akili haiwezi kusikiliza mambo yote kwa wakati mmoja, kwa hivyo ikifuata wimbo husahau kidogo malalamiko ya miguu na mapafu. Pili, muziki huchangamsha moyo, na mtu aliyechangamka huiona kazi kuwa nyepesi. Tatu, mdundo huongoza miguu. Mkimbiaji hupiga hatua kama 160 hadi 180 kwa dakika. Wimbo wenye mapigo 85 kwa dakika hukupa hatua mbili kwa kila pigo, yaani hatua 170, na mwendo wako hautapandapanda wala kushuka ovyo.

Mfano uliotia fora ni wa Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Mwaka 1998 mjini Birmingham, Uingereza, alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ukumbini huku wimbo uitwao "Scatman" ukivuma kutoka kwenye vipaza sauti. Alipenda kukimbia na wimbo huo kwa sababu mdundo wake ulilingana na hatua zake.

Hata hivyo, ndugu msomaji, kila chenye faida kina hasara. Asubuhi moja nilikuwa nakimbia, sauti ya simu nimeifungulia hadi mwisho. Nilishtukia nimeshikwa shati na kuvutwa mtaroni. Aliyenivuta ni mzee mmoja wa mkokoteni. Lori la mawe lilipita pale pale nilipokuwa, honi ikilia. Mimi sikuisikia hata kidogo. Yule mzee aliniangalia, akaniambia, "Kijana, masikio yako ni ya nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikitembea, miguu ikitetemeka, na mama sikumwambia. Atalijua hilo akisoma gazeti hili.

Hiyo ndiyo hasara ya kwanza. Mitaani kwetu barabara ni moja tu: ya lori, ya bodaboda, ya mkokoteni na ya wafanyakazi wanaokwenda Eneo la Viwanda. Masikio ndiyo macho ya nyuma.

Hasara ya pili ni masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikilize sauti isiyozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75. Kelele ikizidi, viseli vya ndani ya sikio hufa, na vikifa havioti tena.

Hasara ya tatu niliigundua uwanjani. Sheria za riadha za dunia hazimruhusu mwanariadha kuwa na redio, simu au kifaa kama hicho wakati wa mbio. Nilipokwenda kukimbia mita 5,000 katika mashindano ya shule za eneo letu, visikizi vilibaki kwenye mkoba. Mizunguko ni kumi na miwili na nusu. Kufikia wa saba nilianza kusikia pumzi yangu mwenyewe na nikaingiwa na hofu, kwa maana sikuwa nimeizoea. Nilitoka mbioni mzunguko wa tisa. Baadaye nilielewa kosa langu. Mwili ukisukumwa hadi kikomo, uchungu hupiga kelele kushinda wimbo wowote. Mkimbiaji lazima ajifunze kuusikiliza mwili wake, na mimi nilikuwa nimeuziba mdomo mwaka mzima.

Aliyenipa suluhisho ni mjomba wangu aliyesoma Tanzania. Alinieleza juu ya mchakamchaka: wanafunzi hukimbia kwa safu asubuhi, mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na miguu inafuata. Hapana simu, hapana betri. Tena kuna hekima ndani yake: ukiweza kuimba ukikimbia, mwendo wako ni mwepesi, unaofaa kujenga pumzi. Ukishindwa kuimba, umezidisha kasi.

Sasa sisi wanne wa mtaa wetu hukimbia pamoja tukiimba, na masikio yako wazi. Siku za kasi tunanyamaza, kila mtu anahesabu hatua zake. Muziki wa simu nimeuwekea mahali pake: nausikiliza nikijinyoosha viungo nyumbani, au kabla ya mbio ili nitulize moyo. Hata Michael Phelps, mwogeleaji wa Marekani mwenye dhahabu 23 za Olimpiki, alijulikana kwa kusikiliza muziki kando ya bwawa kisha kuvivua visikizi kabla ya kuruka majini.

Muhula wa kwanza mwaka huu nilirudi katika mbio zile zile. Nilimaliza nikiwa wa sita. Wa sita hapewi kikombe, najua, lakini mizunguko yote kumi na miwili na nusu niliisikia.

Kwa hivyo wenzangu, muziki ni dawa ukijua kipimo chake, na ni sumu ukiutegemea. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivutwa shati, guu likanusurika. Wewe usingoje lori.